Melba Liston, fundi aliyezivika nyimbo za wenzake: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila ninapomtaja Melba Liston mbele ya wapenzi wa muziki, maswali yanayorudi ni yaleyale. Nimeyakusanya hapa pamoja na majibu. Mengine nimeyajibu kwa mstari mmoja kwa sababu hayahitaji zaidi. Mengine yamenivuta nikakaa.

Melba Liston ni nani?

Mpuliza tromboni, mtunzi na mpangaji wa muziki wa bendi kubwa za jazz nchini Marekani. Alizaliwa Kansas City, Missouri, tarehe 13 Januari 1926, akafariki Los Angeles tarehe 23 Aprili 1999. Katikati hapo aliwaandikia muziki mpuliza tarumbeta na kiongozi wa bendi Dizzy Gillespie, na wanamuziki wenzake Milt Jackson, Johnny Griffin, Elvin Jones, kampuni ya santuri ya Motown na, kwa takriban miaka 40, mpiga piano Randy Weston. Kama unasikiliza jazz ya zamani, huenda umeshamsikia bila kujua. Jina la mpangaji huandikwa kwa herufi ndogo nyuma ya jalada, tena likiandikwa.

Mpangaji? Si ni yule anayelipa kodi ya nyumba?

Lugha yetu ndivyo ilivyo. Huyu hupanga sauti.

Mtunzi huja na wimbo: sauti yake kuu na chodi zake, yaani nota zinazopigwa kwa pamoja kuisindikiza, pengine dakika moja ya kitu kinachoweza kupigwa kwa piano peke yake. Mpangaji anauchukua na kuamua wapulize akina nani na wakati gani, nani aanze, nani anyamaze, saksafoni ziulize nini na tarumbeta zijibu vipi, mpiga solo aachiwe nafasi wapi, na nyuma yake wenzake wamsindikize kwa kitu gani kisichomziba. Kisha anaketi na kumwandikia kila mtu nota zake.

Aliyewahi kuimba kwaya ataelewa upesi. Kuna sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya nne, na mwalimu ndiye anayejua kwamba sauti ya tatu ikipanda hapa, ya pili itamezwa. Sasa badala ya sauti nne weka 13, kila moja ikitoka kwenye chuma chenye tabia yake. Tarumbeta ya juu inachosha mdomo, kwa hiyo huwezi kumpeleka mtu huko kwa dakika tatu mfululizo ukatarajia akurudie salama. Tromboni hubadili sauti kwa mrija unaosukumwa mbele na nyuma, kwa hiyo kuna miruko ambayo kwenye karatasi ni rahisi na mkononi ni adhabu.

Kuna na mtego mwingine. Ala nyingi za kupuliza haziandikiwi kama zinavyosikika. Piano ikipiga C, mwenye tarumbeta lazima aandikiwe D ili itoke sauti ileile, na mwenye saksafoni ya alto aandikiwe A. Tromboni haina usumbufu huo. Mpangaji hugeuza hesabu hizo kichwani, na akikosea mstari mmoja, bendi nzima inapoteza nusu saa ya studio kumtafuta aliyeharibu.

Bendi kubwa ina watu wangapi?

Kwa kawaida 16 au 17: saksafoni tano, tarumbeta nne, tromboni tatu au nne, halafu piano, besi, ngoma na mara nyingi gitaa.

Hii jazz ndiyo ile ya Morogoro Jazz na Western Jazz?

Hapana, ingawa jina ni lilelile. Bendi zetu zilizojiita Jazz zilipiga dansi, na damu yake kubwa ilikuwa rumba iliyopitia Kuba na Kongo. Neno lilisafiri likakaa kwenye majina ya bendi kama alama ya usasa. Kinachofanana ni mzigo wa kazi: popote palipo na saksafoni mbili na tarumbeta mbili, lazima awepo mtu wa kuamua nani apande na nani abaki chini. Kwetu uamuzi huo mara nyingi ulifanyika kwa masikio, mazoezini. Kwa akina Melba ulifanyika kwa kalamu, kabla hajafika mtu.

Alianzaje?

Akiwa na miaka saba aliiona tromboni ikiuzwa, akaona ndiyo kitu kizuri kuliko vyote, na mama yake akamnunulia. Hakuwa ameisikia vya kutosha hata ajue inapigwaje. Aliipenda kwa macho kwanza. Mkono wake haukufika mwisho wa mrija, ikambidi alaze kichwa pembeni ili azifikie nota za mbali. Babu yake alimsaidia pale alipoweza, kwingine alijifundisha mwenyewe kwa kusikiliza, na akiwa na miaka minane tu alikuwa ameshapiga peke yake redioni huko Kansas City.

Mwaka 1937 familia ilihamia Los Angeles. Huko akaangukia mikononi mwa Alma Hightower, mwalimu aliyekuwa na bendi ya watoto na vijana na ambaye aliwalea wanamuziki wengi weusi wa mji ule. Mwaka 1942, akiwa na miaka 16, Melba aliingia bendi ya ukumbi wa Lincoln. Ukumbi wa maonyesho ni shule kali: leo mwimbaji, kesho mchekeshaji, keshokutwa wacheza dansi, na kila mmoja anataka muziki wake uwe tayari. Hapo ndipo alipoanza kuandika.

Baadaye kidogo alijiunga na bendi mpya ya mpuliza tarumbeta Gerald Wilson, akawa pia msaidizi wake wa kuandika na kunakili nota. Wengi hudharau kunakili. Mimi naamini ndiko alikopata ufundi, kwa sababu ukiandika kwa mkono wako kila mstari wa kila ala, unajifunza kwa nini mwenzako aliweka nota pale na si hapa.

Ilikuwaje kuwa mwanamke peke yake kati ya wanaume 15?

Ilikuwa ngumu, na yeye hakuificha. Katika mahojiano ya baadaye alieleza kwamba barabarani alikutana na mengi, pamoja na ukatili wa kingono, na kwamba ziara za mabasi zilikuwa mbaya zaidi kwa mwanamke asiye na mtu wa kumsimamia. Wanaosimulia maisha yake kama hadithi tamu ya binti jasiri hupenda kuliruka hili.

Kisa kinachosimuliwa zaidi ni cha siku Dizzy Gillespie alipomwita kutoka California hadi New York. Baadhi ya wanabendi walinung'unika, kwa tusi, kwa nini bosi wao amtafute mwanamke wa tromboni umbali wote ule. Dizzy hakubishana nao. Alimwomba Melba atoe mipango yake ya muziki, akagawa karatasi, akawaambia wapige. Hawakwenda mbali wakakwama. Dizzy akawarudishia tusi lao kama swali: haya, sasa ni nani?

Baada ya hapo waliacha kunung'unika, na akawa Mama Melba. Lakini tazama umama huo ulikuja na nini: kuwashonea vifungo na kuwakata nywele. Mtu aliyewaandikia muziki uliowashinda ndiye huyohuyo aliyeletewa shati lililokatika kifungo. Sijui kama nicheke au ninune.

Ni kweli aliwahi kuacha muziki?

Ndiyo. Bendi ya Wilson ilipovunjika mwaka 1948 alipiga na Gillespie kwa muda, bendi ambayo ndani yake alikuwemo kijana mmoja wa saksafoni aitwaye John Coltrane. Mwaka 1949 akaenda kwenye ziara ya kumsindikiza mwimbaji Billie Holiday katika majimbo ya kusini, wakati ubaguzi wa rangi ukiwa sheria huko. Watu hawakujitokeza, fedha zikakata, wanamuziki wakakwama mbali na kwao. Melba alirudi Los Angeles amechoka, akaweka tromboni pembeni, akaajiriwa kama karani katika bodi ya elimu ya mji. Alikaa huko miaka kadhaa.

Na zile habari kwamba aliwahi kuonekana katika filamu?

Ni za kweli, ingawa ni kipande kidogo. Katika miaka hiyo alitokea katika filamu mbili kubwa za Hollywood za visa vya kale, ya mwaka 1955 na ya mwaka 1956, nafasi za pembeni tu. Katika moja anaonekana kwenye kundi la wanamuziki wa ikulu.

Alirudije?

Kwa simu ya Gillespie tena. Mwaka 1956 serikali ya Marekani iliipeleka bendi yake ng'ambo kama mabalozi wa muziki, na mpuliza tarumbeta na mpangaji Quincy Jones alipewa kazi ya kuikusanya. Walipita Iran, Pakistan, Lebanon, Syria, Uturuki, Yugoslavia na Ugiriki, kisha mwaka huohuo wakaenda Amerika ya Kusini. Melba alikwenda na tromboni yake na mipango yake, mmojawapo ukitokana na sauti ya Debussy, mtunzi wa Ufaransa. Aliibeba sauti hiyo ya taratibu bila kuilazimisha ikimbie. Saksafoni zake huingia kama mtu anayefungua mlango chumba ambacho mtoto amelala.

Mwaka 1959 alikwenda Ulaya na Quincy Jones katika onyesho la jukwaani. Onyesho lilikufa Paris mapema mwaka 1960, bendi ikabaki mikononi mwa kiongozi wake ikizunguka Ulaya kutafuta nauli.

Kiswahili kinaingia wapi hapa?

Swali hili ndilo lililonifanya niandike ukurasa huu.

Randy Weston alikuwa mpiga piano wa Brooklyn, mtu mrefu kupindukia, aliyezaliwa mwaka mmoja na Melba. Walikutana Melba alipokuwa bado kwenye bendi ya Gillespie. Kazi yao ya kwanza pamoja ilirekodiwa mwaka 1958: walzi saba, nyimbo za mapigo matatu ambazo Weston alizitunga kwa ajili ya watoto. Tangu hapo, kila alipotaka kuona wazo lake limekua hadi ukubwa wa bendi nzima, alimpelekea Melba.

Mwaka 1960 nchi 17 za Afrika zilipata uhuru. Weston alitaka kuandika muziki mkubwa wa kuusherehekea, na alitaka uzungumze lugha ya Kiafrika. Alikwenda Umoja wa Mataifa, pale pale New York, akawauliza Waafrika aliowakuta ni lugha gani itafaa. Jibu lilikuwa Kiswahili. Mshairi wa Marekani Langston Hughes akaandika shairi, na Tuntemeke Sanga wa Tanganyika, ambaye wasomaji wa Tanzania watamkumbuka kama mbunge wa Makete miaka ya baadaye, akalisoma kwa Kiswahili.

Santuri hiyo inaitwa Uhuru Afrika. Ilirekodiwa New York mwezi Novemba 1960. Ina sehemu nne: Uhuru Kwanza, African Lady, Bantu na Kucheza Blues. Kumbuka kwamba Tanganyika yenyewe ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Kwa hiyo neno hilo lilitamkwa studio New York zaidi ya mwaka mmoja kabla bendera yetu haijapanda.

Mara ya kwanza niliposikiliza nilitegemea piano. Badala yake ikaja sauti ya mtu anasema nami, kwa lugha ya nyumbani, na ngoma zinamzunguka. Niliirudisha mwanzo mara tatu kabla sijaruhusu muziki uendelee.

Melba alifanya nini hasa katika Uhuru Afrika?

Nyimbo ni za Weston. Melba ndiye aliyezigeuza kuwa kazi ya watu zaidi ya 20.

Kwenye ngoma peke yake aliwekewa watu ambao kila mmoja angeweza kuijaza santuri yake mwenyewe: Babatunde Olatunji wa Nigeria, Candido na Armando Peraza wa Kuba, Max Roach na Charlie Persip wa Marekani. Kwenye tarumbeta alikuwepo Clark Terry na kijana Freddie Hubbard. Kwenye saksafoni na filimbi, Yusef Lateef na Gigi Gryce. Kuna waimbaji wawili, Martha Flowers na Brock Peters. Hiyo ni karamu yenye wapishi wengi mno, na mpangaji wa kawaida angeogopa, akawapangia foleni: wewe kwanza, wewe baadaye.

Melba aliziacha ngoma zitawale chini, kisha akazitumia ala za shaba kwa vishindo vifupi vinavyokata na kuondoka, ili mdundo usizibwe. Kwenye African Lady alifanya kinyume. Sauti ya mwanamke inapoimba, ala zimekaa chini yake kama kanga iliyotandikwa, hazishindani naye. Kisha filimbi hutoka peke yake na mtu hugundua kwamba muda wote huo ilikuwa imefichwa akiba. Hicho ndicho ninachokipenda kwake kuliko yote: uvumilivu wa kuweka kitu kizuri akiba.

Serikali ya makaburu iliipiga marufuku santuri hiyo Afrika Kusini mwaka 1964. Sifa nyingine haihitajiki.

Basi kwa nini husemwa ni santuri ya Weston?

Kwa sababu ni yake. Lakini hapa ndipo mfumo unapowaumiza wapangaji. Nchini Marekani mtunzi hulipwa kila wimbo unapopigwa redioni au kuuzwa. Mpangaji hulipwa mara moja, kwa kazi, kama fundi cherehani. Gauni likivaliwa harusi mia, fundi halipwi tena. Melba pia alifanya kazi nyingi ambazo hazikutiwa jina lake kabisa, zikiwemo za kuwasaidia wapangaji wenye majina makubwa waliobanwa na muda. Weston, kwa haki yake, alimtaja kila alipopata nafasi, hadi alipofariki mwaka 2018.

Ana albamu ngapi kwa jina lake?

Moja, ya mwaka 1958, na aliipanga kwa ajili ya tromboni: yeye na wapulizaji wenzake wa ala hiyo, karibu bila shaba nyingine. Hakuwa mtu wa kupenda mbele. Alikuwa mwenye haya, na uongozi wa bendi unahitaji mtu wa kudai fedha, kugombana na wenye kumbi na kumfukuza mlevi.

Na Motown?

Katika miaka ya 1960 aliwapangia muziki. Ilikuwa kazi ya mkate.

Alikwenda Jamaika kufanya nini?

Kufundisha. Kuanzia mwaka 1973 hadi 1979 alifundisha Kingston, katika shule ya muziki, akisimamia masomo ya muziki wa Wamarekani weusi na jazz. Kabla ya hapo alikuwa amefundisha vijana katika mitaa ya Watts, Los Angeles, na Harlem, New York. Akiwa Jamaika alitunga pia muziki wa filamu ya vichekesho ya mwaka 1976. Mwaka 1979 alialikwa kwenye tamasha la jazz la wanawake katika mji aliozaliwa, Kansas City, akarudi Marekani na kuunda bendi yake mwenyewe.

Nini kilimfanya aache tromboni?

Kiharusi, mwaka 1985. Upande mmoja wa mwili ulipooza, na tromboni ni ala ya mikono miwili na pumzi nyingi. Hakupuliza tena. Alijifunza kuandika nota kwa kompyuta, Weston akamrudia na nyimbo zake, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 wakatoa kazi kubwa upya. Katika santuri ya blues ya mwaka 1993 jina lake liko mbele ya jalada, sambamba na la Weston. Alikuwa na miaka 67. Mwaka 1987 alikuwa ameshapewa tuzo ya heshima ya taifa kwa mabingwa wa jazz.

Alifariki siku chache tu baada ya Chuo Kikuu cha Harvard kufanya hafla ya kuuenzi muziki wake na Weston.

Nota zake ziko wapi leo?

Chicago, katika kituo cha utafiti wa muziki wa watu weusi cha chuo cha Columbia. Watafiti huzisoma huko, na kwa kulinganisha mwandiko wameweza kuona mkono wake unavyofanya kazi mstari kwa mstari.

Sijui kusoma nota. Nitamsikiaje yeye na si bendi?

Weka Uhuru Kwanza, upite maneno ya Sanga, kisha usifuate mpiga solo. Fuata walio nyuma yake. Utawasikia wameingia kwa mapigo mawili, wamenyamaza, wameingia tena mahali ambapo hukuwategemea, na mpiga solo amesukumwa juu bila yeye kuguswa. Huyo anayesukuma ndiye Melba. Ukishamsikia hapo, nenda kwenye zile walzi za mwaka 1958, ambako ana ala tatu tu za kupuliza, moja ikiwa tromboni yake, na hakuna kundi la kujifichia.